Mlizamu wa Binti Aliyepona

Siku ya tatu tangu binti yake atoke hospitali na kurudi kwa mumewe, fundi mwashi alipigiwa simu na mkwewe wakati akipiga lipu ukuta wa bucha. Mkwe hakupiga kulalamika. Alipiga kama mteja apigavyo: kwamba ukuta wa chumba cha kulala unavuja, kwamba kesho alfajiri lazima aondoke na lori, na kwamba angeshukuru sana kama baba angepita leo na saruji kidogo.

Fundi aliosha mwiko wake, akamwambia mwenye bucha kwamba atarudi, akaenda.

Watu walimwita Timazi, kama ile kamba yenye risasi wanayopimia mafundi wima wa ukuta. Jina hilo alilipata ujanani, alipobomoa ukuta wa choo cha shule aliokwisha kuumaliza, kwa sababu ulikuwa umeinama upana wa ukucha, akaujenga upya bila kumwambia mtu. Tangu hapo hakuna aliyemwita kwa jina alilopewa na wazazi wake, hata mkewe, hata wakati wa hasira.

Tundu lilikuwa kati ya kitanda na dirisha, kimo cha kiuno cha mtu mzima. Lilikuwa la mviringo, dogo kiasi cha kupokea ncha ya kidole cha mwisho, na kingo zake zilikuwa laini kama kwamba limetobolewa na mtu asiye na haraka. Chini yake maji yalikuwa yamechora mstari juu ya rangi ya ukuta hadi sakafuni. Timazi alitafuta bomba, ingawa alijua kwamba halipo. Nyumba ile aliijenga yeye, na bomba pekee lilikuwa uani. Alikinga kiganja. Maji yalikuwa na uvuguvugu. Alikinusa kiganja chake, naye akaitambua harufu ile ya mkojo, maana alikuwa ameishi nayo kwa miaka miwili ya ugonjwa wa binti.

"Limeanza lini?" aliuliza.

"Juzi, baba. Mchana ule ule aliorudi."

"Na yeye mwenyewe?"

"Mkavu kama karatasi."

Timazi alitikisa kichwa. Katika maisha yake alikuwa amefukuzana na maji katika nyumba nyingi, na alijua kwamba maji hayakubali kufukuzwa. Hukubali kuhamishwa tu. Ukiyazibia darini, huibukia kwenye kizingiti.

Binti alisimama mlangoni na sinia la chai, mguu wa kushoto ukiburura nyuma kidogo, kama ulivyoburura tangu uzazi wake wa miaka miwili nyuma. Aliposimama, maji yalichuruzika kwa nguvu. Alipokohoa, yaliruka. Alipoketi kitandani, yalipungua yakawa jasho tu. Wote watatu waliyaona hayo.

"Pole, baba," binti alisema. "Nimekulowesha kiatu."

"Kiatu cha kazi hicho," Timazi alijibu, akachanganya saruji.

Aliziba vizuri, akasugua, akaacha ukuta umenyooka. Jioni mkwe alipiga simu tena kusema kwamba kizibo kimelala sakafuni, kimetoka kizima, mviringo kama kidonge, na kwamba hakumlaumu mtu.

Hapana budi kueleza jinsi mambo yalivyofika hapo. Miaka miwili nyuma, binti huyo alishikwa na uchungu wa mimba yake ya kwanza wakati mumewe yuko njiani na shehena, mahali ambapo simu haishiki. Timazi na mkewe walimfikisha hospitali mapema. Muuguzi wa zamu aliwaeleza kwamba mtoto amekwama na kwamba itabidi mama apasuliwe, lakini mke wa mtu hapasuliwi bila kauli ya mumewe. Timazi alisema kwamba yeye ni baba. Muuguzi alimjibu kwa heshima kwamba baba alikwisha kumwoza. Timazi alikuwa mtu wa utaratibu. Aliyaona maneno yale yamenyooka, kama yanavyoonekana kunyooka maneno yote ya taratibu yakitazamwa kwa upande mmoja, akaketi kwenye benchi la nje kumngoja mkwewe. Aliketi mchana huo na usiku wake, na mchana uliofuata. Mkewe alipiga kelele hadi sauti ikamkauka, naye Timazi akamwambia, "Mama, hapa si kwetu, pana taratibu zake."

Mkwe alipofika, mjukuu alikuwa amekwisha kufa tumboni, na kichwa chake kilikuwa kimezikandamiza nyama za mama yake hadi zikafa nazo zikatoboka. Timazi alimchimbia mjukuu wake kaburi kwa mikono yake mwenyewe, akalipima kwa pima maji pande zote nne. Benchi lile halikutajwa tena katika nyumba yake.

Tundu la binti halikuwa la kawaida. Lilikuwa pana, limekaa mahali pabaya, na makovu yake yameshikana na mfupa. Alipelekwa katika wodi ya wanawake wenye fistula, kwa daktari mpasuaji ambaye sifa zake zilivuka mipaka, mtu mpole, mwenye mikono midogo na subira kubwa. Alishonwa mara ya kwanza, nyuzi zikaachia. Akashonwa mara ya pili, zikaachia. Mara ya tatu zikashika.

Wodi ile ilikuwa na namna yake ya kupima. Kabla ya mgonjwa kuruhusiwa, walimjaza kibofu maji ya buluu kupitia mpira, wakampachika vitambaa vyeupe mahali palipokuwa na tundu, wakangoja. Kitambaa kikitoka na doa la buluu, bado. Kikitoka cheupe, amepona. Cha binti wa Timazi kilitoka cheupe kama siku kilipotoka kiwandani. Wauguzi waliimba, wagonjwa wenzake wakapiga vigelegele vitandani, na daktari alimpa mkono. Ilikuwa mchana. Saa iyo hiyo ukuta wa mumewe ulitoboka.

Mkwe alivumilia. Ni haki kulisema hilo. Kila aliporudi safari alikausha sakafu mwenyewe, akasogeza kitanda, akasogeza kabati. Lakini ukuta ulilowa kila binti alipoinua sufuria, na ulimwaga hasa alipocheka, na siku moja wageni walipokuwa sebuleni binti alicheka kwa sababu ya hadithi ya punda na askari, na maji yakapita chini ya mlango hadi kwenye viatu vya wageni. Tangu siku hiyo binti aliacha kucheka. Alisikiliza hadithi za watu akiwa ameuma mdomo, na waliomzoea walidhani kwamba ameanza kujisikia.

Yako pia mambo mengine ambayo mkwe alimwambia mama mkwe wake, si baba, kwa kuwa ni mambo ya kusemwa na mama. Mama naye alimfikishia mumewe kwa ufupi, akiwa amempa mgongo, akikuna nazi.

"Walipoziba dirisha, Timazi, walibana na mlango."

Timazi hakuuliza mlango gani.

Mwishowe mkwe alimleta mkewe kwa wazazi wake kwenye lori, pamoja na sanduku lake na godoro. Alikataa kuketi.

"Baba," alisema, "kama angekuwa mgonjwa, ningesubiri. Miaka miwili nimesubiri, na hukuniona hata siku moja nikinung'unika."

"Sikukuona."

"Lakini wamesema amepona. Mtu aliyepona ninamsubiri apone nini? Mama yangu anasema huo ukuta ni ukaidi. Majirani wanasema ni uchafu. Mimi sisemi kitu. Mpeleke kwa daktari, baba. Daktari akitamka kwamba hajapona, nitamchukua mwenyewe kwa lori hili hadi wodini, na nitamngoja hata nywele ziniote mvi. Neno moja tu nalitaka."

"Ni haki yako," alisema Timazi.

Lori lilipoondoka, tundu la nyumba ya mkwe lilifunga. Mkwe alipiga simu kusema hivyo. Ukuta ulikuwa mkavu, hata alama haipo. Katika nyumba ya Timazi, kwenye chumba alicholala binti tangu utotoni, lilikuwa tayari limefunguka, kimo kile kile.

Huo ulikuwa ukuta ambao Timazi aliujenga mwaka aliooa, na kwa miaka mingi ulikuwa ndiyo sifa yake mtaani. Wateja waliletwa kuutazama. Habari ilienea upesi. Mwenye bucha, aliyekuwa angali anangoja lipu yake, hakuweza kujizuia.

"Timazi! Nasikia mganga hajigangi!"

"Pima nyama yako."

"Usipoziba ufa, mzee mwenzangu, utajenga ukuta."

"Ufa nimeziba na ukuta nimejenga," Timazi alisema, akiendelea kusugua. "Vyote viwili. Una methali nyingine?"

Mwenye bucha akachukua kisu chake. Siku ile alimfungia Timazi maini ya bure, akasema ni ya yule binti, aongeze damu.

Timazi alijaribu kila alichokijua. Alijaribu chokaa, alijaribu lami, alijaribu kuvunja tofali zima na kuweka jingine. Kila asubuhi mkewe aliyakusanya maji kwa kopo na tambara. Watu husema maji yakimwagika hayazoleki. Yeye aliyazoa kabla ya chai, na alipomaliza alimimina nje akarudi kuweka sufuria jikoni. Hatimaye Timazi alinunua saruji ya matangi, ile inayokauka hata ikiwa ndani ya maji, akaisindilia kwa nyundo na kipande cha mti.

Ilishika. Ukuta ulikauka. Alikaa mbele yake kwenye kigoda akiutazama, kama baba anavyomtazama mtoto aliyelala baada ya homa, na adhuhuri mkewe aliingia, akamwambia ageuke atazame upande wa pili wa chumba.

Binti alikuwa amelala ubavu, amekunja magoti, tumbo limemjaa kama ngoma na jasho linamtiririka. Alikuwa ameuma pembe ya shuka. Alipoona kwamba baba yake anamtazama, aliitoa shuka mdomoni.

"Ukuta umependeza, baba," alisema.

Timazi alichukua nyundo na patasi, akaifumua kazi yake mwenyewe kwa mapigo machache. Maji yalitoka kwa kishindo yakamlowesha kifua. Tumbo la binti lilishuka. Mkewe akaenda kuleta tambara.

Wiki iliyofuata walikwenda hospitali, baba na binti. Sista wa wodi aliwapokea kwa furaha, akamkumbatia binti, akawaita wauguzi wapya waje wamwone. Kisha akasikiliza habari za ukuta hadi mwisho, bila kukatiza, kama mtu asikilizaye habari za mvua.

"Tutampima," alisema.

Walimpima. Kitambaa kilitoka cheupe.

"Nilijua," alisema sista, na macho yake yalikuwa ya huruma kweli. "Mzee, vitanda vyangu vyote ni vya wenye kitambaa cha buluu. Wapo wanaolala kwenye veranda, wanangoja. Huyu nimwandike nini? Amepona."

"Basi daktari aje apime nyumbani," alisema Timazi. "Maji hayatoki hapa. Yanatoka kwangu."

Daktari alikuja. Alikuja siku ya mapumziko, na sista wake, na mkoba wake, akavua viatu mlangoni ingawa aliambiwa aingie navyo. Alimsalimu mama wa nyumba kwa heshima zote, akanywa maji aliyopewa, akaomba beseni la kunawa. Timazi alitoka nje wakati binti akiandaliwa, akaitwa tena binti alipokwisha kufunikwa shuka hadi shingoni.

Daktari alifanya kama ilivyo ada. Alimjaza maji ya buluu. Vitambaa vilivyowekwa kwa binti aliviacha vikae muda wake, kisha akavitoa kimoja kimoja, akaviinua kwenye mwanga wa dirisha. Vyote vilikuwa vyeupe.

"Kohoa, mwanangu," alisema.

Binti alikohoa. Ukuta uliruka maji ya buluu, yakampata daktari kwenye soksi.

Daktari aliutazama ukuta kwa makini. Alipiga magoti, akachukua kitambaa kipya, akakibana juu ya tundu, akakitoa. Kilikuwa na doa la buluu katikati, zuri, la mviringo. Alizipapasa kingo za tundu kwa ncha za vidole, kama mtu anayeutambua mwandiko wake mwenyewe.

"Pale nilipomshona pameshika," alisema. "Kazi ile sioni aibu nayo. Na hili lina kingo safi, lingeshonwa vizuri. Lakini mimi sishoni kuta, mzee."

"Na mimi siponyi watu," alisema Timazi.

"Ndivyo ilivyo."

Ndipo binti alipojiinua kwenye kiwiko, na ukuta ukachuruzika.

"Daktari," alisema, "siulaumu mkono wako. Umenihangaikia kuliko ndugu. Lakini tamka tu kwamba sijapona. Mume wangu yuko tayari kungoja, anataka neno moja. Lako."

Sista aliikunja taulo, akaikunjua, akaikunja tena.

"Wanaotuletea nyuzi, mwanangu, na dawa, na mashuka," daktari alisema mwishowe, "wana swali moja tu wanalouliza. Limefunga? Nami nawajibu kweli tupu: limefunga. Hawajapata kuniuliza habari za ukuta. Nikikuandika wewe kwamba hujapona, itanibidi niende na kwa wengine niwaulize."

"Kwani wengine nao wana kuta?" aliuliza mke wa Timazi kutoka mlangoni.

Daktari alinawa mikono upya, ingawa ilikuwa safi.

"Mama," alisema, "nyumba gani haina ukuta?"

Aliagana nao vizuri. Soksi yake ya buluu iliacha alama kwenye kizingiti, ambayo haikutoka hata kwa sabuni ya magadi.

Mkwe alikuja jioni hiyo hiyo. Alikuwa amekwisha kuliosha lori, na kiti cha abiria alikuwa amekitandikia shuka safi. Alisimama uani, na Timazi akamfuata huko, kwa kuwa hakutaka binti asikie, japo dirisha lilikuwa wazi na binti alisikia.

"Amesemaje, baba?"

Ingekuwa rahisi kwa mtu mwingine. Ingetosha kusema, *amesema hajapona*, na lori lingewashwa, na binti angepata walau mwaka mwingine wa mume. Mkewe Timazi, aliyekuwa anapepeta unga pale karibu, aliacha kupepeta akamtazama mumewe machoni. Lakini Timazi hakuwahi kusema uongo, na katika uzee wake hakujua mahali pa kuushika.

"Amesema amepona," alisema.

Mkwe alifuta uso kwa mkono wa shati. "Basi, baba," alisema. Aliaga, akarudi kwenye lori, akaitoa ile shuka kwenye kiti, akaikunja, akamwachia mama mkwe wake juu ya jiwe la uani. Kabla ya mavuno alikuwa ameoa mke mwingine, msichana mwenye adabu, na kuta za nyumba yake ni kavu hadi leo.

"Benchi la pili hilo, Timazi," mkewe alisema usiku ule. Hakulisema zaidi ya mara moja.

Kesho yake Timazi hakwenda kazini. Alipima kimo cha tundu, akalipanua kidogo sana kwa patasi, kwa upande wa nje, kisha akajenga mlizamu, mdomo wa kutolea maji nje ya ukuta. Haukuwa bomba lililochomekwa tu. Aliujenga kwa saruji iliyochujwa kwa kitambaa, akaulaza kwa pima maji ili maji yasituame wala yasiruke, akaupa mdomo uliopinda chini kidogo kama wa birika, akaumaliza kwa niru, ule uji mwepesi wa saruji, na kuusugua kwa kitako cha chupa hadi ukang'aa. Maji sasa yalitoka nje ya nyumba, nyuma, upande usio na njia, yakaingia kwenye ndoo. Ndani ya chumba ukuta ulikuwa mkavu. Binti aliweza kusimama, kuinama, kuinua sufuria yake. Nje mlizamu ulimwaga, na hakuna aliyeona.

Binti alizunguka nyumba kuutazama. Alipitisha mkono juu yake.

"Umenifanyia kitu kizuri, baba," alisema.

"Niru yake haijakauka vizuri," Timazi alisema. "Usiiguse."

Mwezi haukuisha kabla mzee mmoja mwenye mkongojo hajafika kutoka mtaa wa mbali, akauliza kama hapa ndipo kwa fundi wa milizamu. Alikuwa na mjukuu aliyepona. Baada yake alikuja mama aliyekuwa na dada aliyepona, kisha mume, mmoja tu, aliyekuwa hajamrudisha mkewe, akasema kwa sauti ya chini kwamba wote wawili wangependa kulala pakavu. Timazi alikwenda kila alikoitwa. Katika kila nyumba alikuta chumba cha nyuma, mwanamke aliyeketi kwa uangalifu, na tundu la kimo cha kiuno. Hakuhitaji kuuliza mengi. Aliomba tu mwanamke asimame, ili aone nguvu ya maji, kisha akamwomba aketi. Wengi wao walikuwa hawana mtoto. Baadhi walivuta mguu. Mmoja, ambaye alishonwa zamani sana na mwenye nywele nyeupe, alimwambia, "Fundi, mimi nilidhani ni nyumba yangu peke yake," kisha akaomba radhi kwa kulia mbele ya mwanamume.

Malipo Timazi hakuyataka. Mwenye bucha, aliyeona lipu ya ukuta wake ikisahauliwa nusu, hakumtania tena. Alianza kumbebea mchanga kwa toroli.

Wodi nayo ilistawi. Mwaka ule wafadhili walikuwa wanakuja wenyewe kuona, na sista alizunguka nyumba kwa nyumba kuwaalika waliopona. Alifika kwa Timazi na gauni jipya, la rangi moja na magauni ya wote.

"Ni siku yenu," alimwambia binti. "Mtakaa mbele kabisa."

"Tutazungumza nao?"

"Mtakuwa nao ana kwa ana, mdogo wangu."

Binti alilijaribu gauni lile kwa siku kadhaa. Alikuwa na nia yake, na alimweleza baba yake akiwa anamsaidia kuchuja saruji. Kama daktari hakuweza kulitamka neno lile, yeye angelitamka. Angesimama mbele ya hao wanaouliza swali moja, awaambie kwamba limefunga, ni kweli, na kwamba yeye hajapona. Basi labda swali la pili lingezaliwa, na wodi ingefungua vitanda kwa wenye kitambaa cheupe. Mume alikwisha kwenda. Neno alilihitaji bado. Alilifanyia mazoezi kwa sauti uani, na kila aliposimama wima kulisema, nyuma ya nyumba mlizamu uliitikia.

"Wewe hutakuja, baba?"

"Mtu abaki na ndoo," alisema Timazi.

Siku hiyo alikaa kwenye kigoda nyuma ya nyumba, kivulini. Mkewe alimletea chai akaketi karibu naye, na kwa muda mlizamu ulitoa tone baada ya tone, maana binti alikuwa ameketi, amewekwa mbele kabisa, anasikiliza hotuba.

Halafu ukaanza kumwaga.

"Amesimama," alisema mkewe.

Timazi aliiweka chai chini. Maji yalikuja kwa nguvu, yakajaza ndoo hadi nusu. Aliinamisha kichwa kama mtu anayesikiliza maneno ya mbali. Alihesabu rohoni muda ambao mtu anahitaji kusema kwamba limefunga, ni kweli, na kwamba hajapona. Maji yalikatika kabla muda huo haujatimia.

"Ameketi," alisema mkewe.

"Labda atasimama tena."

Alisimama tena. Mlizamu ulimwaga, ukakatika. Ukamwaga mara ya tatu, kwa muda mrefu zaidi, kwa utulivu, hadi ndoo ikafurika na maji yakaingia kwenye vumbi. Katika mitaa yote alikojenga, Timazi alijua, milizamu ilikuwa inamwaga kwa wakati mmoja, kwenye ndoo na mabeseni, nyuma ya nyumba ambako hakuna njia.

Binti alirudi jua likiwa bado lipo. Gauni lake lilikuwa zuri, na mkononi alikuwa na pakiti ya biskuti waliyogawiwa. Alizunguka moja kwa moja hadi nyuma ya nyumba, mguu wake ukichora mstari mchangani, akasimama mbele ya baba yake.

"Ulisema?" Timazi aliuliza.

"Walituambia tusimame, tukasimama. Wakapiga makofi, wakatuambia tukae. Halafu wakasema tusimame tena, kwa sababu wapo waliochelewa." Alitazama chini. "Mara ya tatu ilikuwa picha. Nilifungua mdomo, baba, na yule mpiga picha akasema, vizuri, hivyo hivyo, cheka kidogo."

"Ukacheka?"

"Nikacheka."

Mama yake alipokea biskuti zile, akaingia nazo ndani haraka, kana kwamba zingeharibika. Binti aliitazama ndoo iliyofurika na tope lililoizunguka, akainama kuinyanyua.

"Acha," alisema Timazi. "Nitaimwaga mimi."

Aliinyanyua kwa mikono miwili, kwa kuwa ilikuwa nzito kuliko alivyotazamia, akaenda nayo polepole hadi mwisho wa uwanja, akaimwaga, akaisuuza. Aliporudi binti alikuwa angali amesimama pale pale, katika gauni la waliopona, na mlizamu ulikuwa unamwaga chini. Timazi akaiweka ndoo mahali pake, akaisogeza kidogo, hadi maji yakaangukia katikati.